Zuleide, Panya Wake Weupe na Miguu ya Mumewe

Zuleide alipoingia chumba cha panya kwa mara ya kwanza, alipiga ukelele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio. Nilimcheka, sifichi. Nilikuwa na miaka sita pale naosha vizimba, nimeshajiona bingwa. "Bibi wee," nikamwambia, "umekuja kazini au umekuja kuposwa? Panya hawachumbii mtu." Akanitazama kwa jicho moja, maana la pili alikuwa amelifumba kwa woga, akasema, "Dada Ivonete, kwetu mnyama mweupe hivi ni mzimu."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Leo tumestaafu sote wawili, tunakaa mlima mmoja hapa Recife, nyumba yake juu ya yangu, na maji akifua yananishukia mlangoni. Tunagombana kwa ajili ya hayo maji kila wiki. Lakini mtu akimsema vibaya Zuleide mbele yangu, atanitambua.

Nataka nimseme mimi, kabla hawajamsema wasiomjua. Hakusoma sana. Aliletwa kufagia, na ndani ya mwaka mmoja Daktari Noêmia, mwenye maabara, alikuwa hataki panya ashikwe na mtu mwingine. Wanafunzi wa chuo walikuja na madaftari yao wakang'atwa vidole. Zuleide alitia mkono kizimbani taratibu, panya akamjia mwenyewe. Aliongea nao. "Haya baba, panda mizani. Umenenepa, umekula cha nani?" Daktari alimkataza kuwapa majina, akasema panya wa kazi hana jina, ana alama mkiani tu. Zuleide akaitika, "Ndiyo, Daktari," kisha akawaita kwa alama zao. Kulikuwa na Mistari Miwili, kulikuwa na Nukta.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, na usinikatize. Daktari alikuwa anatafuta kujua kwa nini pombe humshika mtu mmoja ikamwacha mwingine. Kila asubuhi Zuleide alimpima panya, akamshika, Daktari akamchoma sindano yenye pombe kidogo, kipimo kile kile, hakizidi hakipungui. Kisha panya aliwekwa ndani ya sanduku la kioo lenye taa ndogo kando. Kila alipokatiza mwanga, mashine ilihesabu. Basi. Kazi ya kumwangalia panya anatembea. Nilimwambia Zuleide, "Serikali ingejua inatulipa kwa hili, ingetufukuza sote."

Siku ya kwanza panya walizunguka kidogo. Siku ya tano walizunguka zaidi. Siku ya kumi na tano, kwa kipimo kile kile cha siku ya kwanza, Mistari Miwili alikimbia kama ana moto mkiani. Mashine ililia tik-tik-tik bila kupumzika. Mimi niliacha brashi yangu kwenye karai nikaja kusimama. Siku zote nilijua kwamba mlevi anazoea, pombe inamlevya kidogo, ndiyo maana anaongeza. Lo! Hapa ilikuwa kinyume. Kuna kitu ndani ya yule mnyama kilichokuwa kinaamka zaidi kila siku kwa tone lile lile. Na si panya wote. Nukta alipigwa sindano zile zile, siku zile zile, akawa anajikunja pembeni na kusinzia.

"Ubongo una afyuni yake," Daktari Noêmia alituambia siku hiyo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakunywa kahawa yetu. Ni mwanamke asiyejivuna. "Hainunuliwi. Ubongo huitengeneza wenyewe, ukila ukashiba, ukicheka, mama akinyonyesha. Pombe ikiingia, inafungulia ile afyuni, na afyuni inaamsha sehemu inayosema: amka, nenda, tena, tena. Kwa wengine mlango huo hufunguka kidogo. Kwa wengine, kila ukifunguka unalegea, kesho unafunguka kwa kuguswa tu."

Zuleide hakunywa kahawa yake. Akauliza, "Na wale ambao pombe haiwalazi, Daktari? Wanaoamka badala ya kulala?"

"Hao ndio wa kuwahofia."

Nilijua anamfikiria nani. Mlima mzima ulimjua mumewe, Valdomiro, fundi wa vigae. Watu wakinywa kashasa, ile pombe kali ya muwa, mwishowe hulala kwenye mabenchi. Valdomiro, glasi ya kwanza ilikuwa inamwasha. Alifagia uwanja, aliimba, alicheza mpaka vumbi likapanda, alipanda paa saa sita mchana kurekebisha vigae vya jirani bila kuombwa. Tulimsifu! Mimi mwenyewe nilimsifu, Mungu anisamehe. Tulisema, "Mirô ndiye mwanamume, pombe haimuwezi." Hata siku alipotoboa paa la Bi Lindalva akaangukia meza ya chakula, katikati ya sufuria la maharage, watu walicheka kwanza ndipo wakaona mbavu zake. Binti yao Edilene, wakati huo wa miaka kumi na tano, ndiye aliyemshika kichwa mpaka gari likaja. Alipotoka hospitali, Valdomiro aliapa mbele ya mtakatifu wake kwamba hatagusa tena. Na hakugusa. Wakati huo wa panya wa sanduku la kioo, alikuwa ametimiza miaka minne mikavu.

Basi ikaja zamu ya dawa. Daktari aliwapa baadhi ya panya dawa inayokaa kwenye kufuli la ile afyuni, ili ufunguo usiingie. Halafu pombe kama kawaida. Wengi wao, waliokuwa wanakimbia jana, walitembea tu kama watu waendao sokoni bila haraka. Zuleide alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. "Ivonete, umeona? Pombe imo ndani yake, na bado ametulia." Alikwenda nyumbani mbio siku ile. Akamwambia Valdomiro kwamba kuna vidonge vya namna hiyo kwa binadamu, na daktari wa kliniki anaweza kumwandikia.

Valdomiro alikuwa anakula uji wa mahindi. Akaweka kijiko chini. "Mke wangu," akasema, "mimi nimeacha pombe kwa kiapo, na kiapo changu kina miguu yake. Mimi si panya wako."

Neno hilo lilimuuma Zuleide mwezi mzima.

Baadaye Daktari alisema panya wapumzishwe. Wiki tatu, hakuna sindano, hakuna sanduku. Walikula, walilala, walinenepa. Nikasema, hawa wameshasahau. Siku ya kurudi, Daktari akaamuru kwanza wachomwe maji ya chumvi tu, yasiyo na kitu. Zuleide akajaza sindano kutoka chupani, na Mistari Miwili alipokwisha kuchomwa akamweka sandukuni, na yule panya akaanza kukimbia.

Zuleide alibadilika rangi. Alitazama chupa, akatazama sindano. Alianza kulia, machozi yanamdondokea kwenye glavu. "Daktari, nimekosea chupa. Nimeharibu kazi yako ya miezi miwili. Nifukuze tu."

Daktari akachukua chupa, akainusa, akaionja kwa ulimi. Siku hizi wangemfunga kwa hilo. Akasema, "Hujakosea, Zuleide. Ni chumvi." Tukasimama watatu mbele ya kioo. Hamna pombe ndani ya mnyama yule, hata tone, na alikuwa anazunguka pembe kwa pembe. "Hili hutokea kwa baadhi yao," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye kanisani. "Sanduku limemwanzishia. Mkono wako, sindano, harufu ya kioo. Ubongo wake umeshafungua mlango kabla mgeni hajabisha hodi." Kesho yake alipopewa pombe halisi, kipimo kile cha zamani, alianzia pale pale alipoachia, kana kwamba wiki tatu hazikupita. Kichwa chake ni kidogo kama njugu, na humo ndani kulikuwa na kumbukumbu isiyofutika. Nilijipiga ishara ya msalaba, na mimi si mtu wa kanisani.

Mwezi huo huo Edilene akajifungua. Mtoto wa kiume, Kauã, nywele tele.

Sasa ujue desturi yetu. Mtoto akizaliwa, nyumba ya baba yake hutengeneza kashasa na asali, karafuu na mdalasini, na kila anayekuja kumwona mtoto lazima anywe. Kinywaji hicho tunakiita mkojo wa mtoto. Babu mzaa mama ndiye wa kwanza. Anamwaga tone moja chini kwa ajili ya mtakatifu, kisha anakunywa, ndipo wengine wanaruhusiwa. Kukataa ni kama kusema mtoto huyu hatakua. Valdomiro alikuwa amengojea siku hiyo tangu tumbo la Edilene lilipoanza kuonekana.

"Usiende," Zuleide akamwambia. "Au nenda Jumatatu, watu wakishaondoka."

"Nisimwone mjukuu wangu siku yake kwa sababu ya hadithi za panya?"

"Utapewa kikombe."

"Nitalowesha midomo tu."

"Chovya chovya humaliza buyu la asali, Mirô."

"Ndiyo, na wewe asali yako ni kunisema. Hiyo haiishi." Akaenda kupiga pasi shati lake jeupe.

Jumapili asubuhi Zuleide akanijia jikoni kwangu na kikombe cha bati cha rangi ya buluu, amekifunika kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na asali, maji, karafuu na mdalasini. Kashasa hamna. Akanong'ona, "Nitakipenyeza mimi mwenyewe. Atakunywa hiki, desturi itatimia, na ndani yake hamna kitu."

Nikachemka. "Wewe una wazimu? Maji ya chumvi! Unampa mumeo maji ya chumvi! Hukuona yule panya? Atakunywa hiki, aone yuko salama, aseme kumbe naweza. Na cha pili je? Cha pili atajimiminia mwenyewe!"

"Ivonete, sina akili nyingine." "Kama unayo, nipe." Nikambebea kitambaa.

Nyumba ilikuwa ya Genival, baba wa mume wa Edilene, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kufanana nayo. Uwanja ulijaa. Kordiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, ilikuwa inapigwa, nyimbo zile zile ambazo Valdomiro alizichezea miaka yote. Harufu ya asali na kashasa ilitanda mpaka ngazini. Edilene alikuwa amekaa kitini na mtoto, na alipomwona baba yake alitabasamu, kisha nikaona anautazama mtungi kwenye meza, na tabasamu likafa.

"Babu!" Genival akapaza sauti. "Mjukuu amekojoa tangu asubuhi, sisi koo zimekauka tunakungoja wewe! Au ndiyo umeokoka, unatuona sisi mashetani?"

"Wewe hukuhitaji kuokoka ili uonekane shetani," Valdomiro akamjibu, na watu wakaangua kicheko. Akakaa kwenye benchi mbele ya meza. Zuleide akapita katikati ya watu, akamwekea mkononi kile kikombe cha buluu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kutoka pale nilikuwa naona chini ya meza. Valdomiro alikisogeza kikombe puani. Halafu shingo yake ikanyooka. Macho yakang'aa. Akaanza kuongea haraka haraka, anamtania Genival, anamwita mpiga kordiani kwa jina. Na miguu yake ikaanza. Kwanza kisigino kimoja. Kisha vyote viwili. Kisha miguu yote, mbio mbio, chini ya benchi, nje ya mdundo wa kordiani, na juu yake mtu amekaa kama kawaida na kikombe mkononi. Hakuwa amekunywa. Naapa kwa mama yangu, hakuwa amekunywa hata tone. Nilitazama miguu ile na masikio yangu yakasikia tik-tik-tik.

Nikamtafuta Zuleide kwa macho. Alikuwa ameiona. Ameweka mkono mdomoni, na nilijua anachowaza, kwamba amemleta mumewe sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa mtakatifu!" watu wakashangilia.

Valdomiro akainua kikombe. Akamwaga tone moja chini, kama desturi inavyotaka. Kisha hakusimamisha mkono. Akaendelea kumwaga. Asali ilishuka polepole, uzi mrefu wa kahawia, mpaka kikombe kikawa kitupu, na kwenye sakafu kukawa na dimbwi lenye karafuu zinazoelea. Kordiani ikakatika.

"We! Unamwaga mkojo wa mjukuu?" Genival akafoka.

"Mtakatifu ana kiu," Valdomiro akasema. Alitabasamu. "Miaka minne hajapata kitu kutoka kwangu. Mwacheni leo anywe ashibe. Mnataka mtoto alindwe na mtakatifu mwenye kiu?"

Bibi mmoja pembeni akacheka, akasema, "Ana haki, huyo mtakatifu tunamnyima kila siku," na uwanja mzima ukacheka, na Genival akaona hana pa kushika, akacheka pia. Valdomiro akasimama, akambusu mtoto kichwani, akambusu Edilene. Edilene akamshika shati asitake kumwachia. Kisha akamgeukia mkewe akasema polepole, "Nitoe hapa, Zu. Sasa hivi."

Tulishuka ngazi za mlimani watatu, yeye katikati. Ngazi ya pili hakuweza tena, akakaa. Jua lilikuwa la mchana, kali. Miguu yake ilikuwa bado inakwenda juu ya saruji. Zuleide akapiga magoti mbele yake akayashika magoti yake kwa mikono miwili, kama anavyoshika panya, bila kubana.

"Kikombe kile kilikuwa cha asali na maji," Valdomiro akasema.

Zuleide akainamisha kichwa. Mimi nikatazama kando.

"Miaka ishirini na tano pua yangu imekaa na kashasa, mke wangu, ndiyo uidanganye na karafuu mbili? Nilijua kabla hakijafika mdomoni. Nikasema moyoni, Zuleide kaniokoa, nitakunywa maji yangu niende zangu. Na hapo ndipo nilipoisikia miguu." Akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Nilikuwa najua, Zu. Nilijua kabisa hamna kitu. Miguu haikujua."

Tukakaa tukiitazama, watatu, mpaka ikatulia. Ilichukua muda mrefu. Mguu wa kushoto ndio ulikuwa wa mwisho. Sijawahi kuogopa hivyo, na sijawahi kustaajabu hivyo.

"Kesho nipeleke kwa daktari wa vidonge," akasema. "Lakini kwanza nataka kuwaona hao panya wako."

Vidonge alivipata, na sitaki kukudanganya kwamba vilikuwa muujiza. Aliteleza mara mbili katika miaka iliyofuata, akainuka mara mbili, na leo Kauã anakwenda shule na babu ndiye anayempeleka. Lakini Jumatatu ile alikuja maabara amevaa lile shati jeupe, kofia mkononi, na Daktari Noêmia akamruhusu. Zuleide akamtoa Mistari Miwili, akamweka ndani ya kioo. Hakumchoma kitu chochote. Yule mnyama akanyanyua pua, akanusa, akaanza kukimbia.

Valdomiro akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu sana. Alisema, kwa sauti ya chini, "Habari za kazi, mwenzangu."

Kisha akamuuliza mkewe, "Hawa wakimaliza kazi wanapelekwa wapi?"

Zuleide akazidi kumtazama Mistari Miwili. Kwa miaka tisa alikuwa ndiye anayewabeba siku ile ya mwisho ya kuuawa, mmoja mmoja, kwa sababu Daktari alihitaji kuutazama ubongo wenyewe, na hakuna mkono mwingine waliouamini. Valdomiro akamtazama usoni akaelewa. Akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Siku hiyo ikifika," akasema, "mwambie asante. Mwambie imetoka kwa Valdomiro, fundi wa vigae."

Ilifika wiki mbili baadaye. Nilikuwepo, naosha vizimba. Nilimsikia Zuleide akimwambia.